Nani Ametunga? Kumbukumbu za neno moja kutoka Kamina

Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata mwezi Februari, simu za Wakongo walio mbali na nyumbani hazikupoa. Ile ya mwandishi wa makala haya, aliyekulia Kamina na sasa anafundisha Kiswahili Dar es Salaam, ilileta miji iliyoanguka mmoja baada ya mwingine. Leo Kalemie, kesho Lubumbashi. Siku moja ikaja zamu ya Kamina yenyewe: kambi ya jeshi imetekwa, treni zimesimama, watu wamekimbilia porini. Picha ziliambatana na habari. Zilionyesha watu wa kweli waliobeba magodoro ya kweli kwenye barabara ya kweli, ila barabara ile haikuwa ya Kamina, na picha ilikuwa ya miaka mingi nyuma.

Akampigia dada yake. Dada alikuwa sokoni Kamina, ananunua bunga. Alijibu kwa neno moja: "Bongo." Mwalimu mwenzake wa Dar es Salaam, alipoonyeshwa picha zilezile, alisema: "Hizo za kutunga."

Neno la kwanza ni la Kiswahili cha Katanga, eneo la Kongo ilipo Kamina, na maana yake ni uongo. La pili ni gumu zaidi. Kutunga ndiyo kazi ya mshairi, ya Bunge linapotunga sheria, ya mwalimu anapotunga mtihani, ya binti anayetunga ushanga na ya mvuvi anayetunga samaki kwenye ukambaa. Mimba hutunga. Jipu nalo hutunga usaha. Na mzushi hutunga habari. Lugha moja imewezaje kuweka mtoto wa tumboni, shairi, sheria na uzushi ndani ya kitenzi kimoja, na watu wakaelewana? Mwandishi alilisoma neno hili chuo kikuu, lakini maana yake aliijua mapema zaidi, katika mji wa reli.

Kamina ilikuzwa na reli. Kampuni ya BCK, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikamilisha mwaka 1928 njia ya kutoka Katanga hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na Kamina ikawa kituo kikubwa njiani. Miaka ya 1950 likaongezwa tawi la kwenda Kabalo, na mji ukaunganika na Kalemie na Ziwa Tanganyika. Wabelgiji wakajenga hapo kambi kubwa ya jeshi yenye uwanja wa ndege. Tangu 2015 Kamina ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Baba wa mwandishi alikuwa mfanyakazi wa reli, akahamishwa kutoka Kalemie miaka ya 1980 pamoja na familia yake. Uani walizungumza Kiswahili, kwa majirani Kiluba, na ofisini kwa baba Kifaransa.

Katika mji kama huo habari zilishuka pamoja na abiria. Treni ilipofika, hata ikiwa imechelewa kwa siku nzima, wachuuzi walikimbilia madirishani na maneno yakaanza kumwagika: bei ya chumvi itapanda, mishahara ya wafanyakazi wa reli inakuja, daraja fulani limevunjika. Karibu kila habari ilianza kwa neno lilelile: "Banasema." Wanasema. Mtoto aliyekuwa amesimama pembeni na sahani ya karanga alilizoea neno hilo kama alivyozoea king'ora cha treni.

Walikuwapo akina mama wa sokoni waliokuwa na dawa yake. Waliweka mitaji yao midogo katika samaki wakavu na mihogo, na habari ya uongo iliweza kuwatia hasara ya mwezi mzima. Mtu akija na "banasema" yake, walimuuliza papo hapo: "Ba nani?" Akijibu kwamba ni dereva wa treni, na kwamba amesikia kwa masikio yake, walimkaribisha akae. Akibabaika, waliendelea kupanga samaki. Akina mama wale walikuwa wanafanya kazi ambayo leo inafundishwa katika vyuo vya uandishi wa habari, na walikuwa wanaifanya kwa maneno mawili.

Shuleni kutunga kulikuwa na sura nyingine. Katika madarasa ya chini, ambako masomo yalifundishwa kwa lugha za nyumbani kabla ya Kifaransa kushika nafasi, mwalimu aliwaambia watoto waandike habari ya safari. Mvulana mmoja, ambaye kila mtu alijua hajawahi kuvuka mipaka ya Kamina, aliandika juu ya Ziwa Tanganyika: mawimbi, ndagala wakianikwa mchangani, taa za wavuvi usiku. Darasa zima lilipiga kelele: "Bongo! Mwalimu, bongo!" Mwalimu aliwanyamazisha. Akamuuliza mvulana habari hizo amezipata wapi, naye akasema kwa mjomba wake, aliyefanya kazi Kalemie. Mwalimu akaandika ubaoni jina la mvulana, na chini yake: "Ametunga." Kisha akasoma insha yote kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma Maandiko.

Mwandishi, ambaye alizaliwa Kalemie na akaziona taa zile kwa macho yake, anashuhudia kwamba ile ilikuwa insha bora kuliko yake.

Mwalimu yule hakueleza zaidi, wala hakuhitaji. Kila mtu darasani alimjua aliyeyapanga maneno yale na alijua kazi aliyopewa. Hakuna aliyedanganywa.

Katika nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mzee mstaafu wa reli, Mluba, aliyependa kusimulia jioni. Alisimulia habari za Nkongolo, mtawala mkatili. Za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki na adabu mpya za kifalme. Na za mwanawe Kalala Ilunga, aliyetegewa shimo lililofunikwa kwa mkeka ili aangukie humo akicheza, naye akaokolewa na mpiga ngoma aliyemwonya kwa mdundo. Watoto walipouliza kama ni kweli, mzee hakukasirika. Alijibu: "Njo vile nilisikia kwa nkambo yangu." Na kama nkambo huyo, yaani babu yake, alikuwa amesikia kwa mtu anayejulikana, alimtaja huyo pia.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya Dar es Salaam, mwandishi alikutana na picha za lukasa katika kitabu cha maonyesho ya sanaa ya Waluba yaliyofanyika New York mwaka 1996. Lukasa ni ubao wa mti unaoshikika mkononi, umepigiliwa shanga na kuchongwa alama. Watu wa chama cha Mbudye, wakiwamo wale waitwao bana balute, yaani watu wa kumbukumbu, waliusoma kwa vidole huku wakisimulia historia ya ufalme: safari za mababu, mahali patakatifu, orodha za wafalme. Wataalamu waliouchunguza wanasisitiza jambo moja, kwamba shanga zilikaa mahali pake, lakini masimulizi hayakuwa yaleyale kila mara. Msimulizi alizifuata kulingana na siku, na watu waliokuwa mbele yake, na yaliyohitaji kusemwa.

Hapo ndipo wasomi walipotofautiana kwa miaka. Wengine walitaka kuzichukua habari za Kalala Ilunga kama tarehe za kuhesabia historia ya Waluba. Luc de Heusch, katika kitabu chake cha 1972 juu ya visa vya asili ya dola za Kibantu, alizisoma kama fikra juu ya mamlaka na maumbile. Thomas Reefe, mwaka 1981, alijaribu kuchambua kipi kinaweza kuwa historia na kipi sivyo. Mzee wa Kamina hakuwa amesoma hata kimoja kati ya vitabu hivyo. Lakini jibu lake kwa watoto lilikuwa sahihi, kwa sababu lilimwonyesha msimulizi na lilionyesha alikozitoa habari zake. Mtu aliyeketi barazani pake alijua anasikia utungo, na alijua wa nani.

Turudi kwenye neno lenyewe. Mzizi wa kutunga ni wa kale, na umeenea katika lugha nyingi za Kibantu ukiwa na maana za kupitisha uzi, kushona, kusuka na kujenga. Kilingala, kinachosikika kila siku kwa askari na kwa wanamuziki kote Kongo, kinasema kotonga kwa kushona nguo na kwa kujenga nyumba pia. Jirani zake katika kamusi wametoka mbali zaidi. Kubuni kuna asili ya Kiarabu, katika neno la kujenga. Kughushi nako ni Kiarabu, kwa maana ya udanganyifu, kama ule wa mfanyabiashara anayechanganya bidhaa njema na mbovu. Lugha za Ulaya zimepita njia hiyohiyo: Wagiriki walimwita mshairi kwa neno la "kutengeneza", na Walatini walikuwa na fingere, kufinyanga, ambalo limezaa maneno ya Kifaransa ya kujifanya na ya hadithi za kubuni. Mfaransa mhunzi na Mfaransa anayetunga kisingizio wanatumia kitenzi kimoja, forger.

Kiswahili kimechagua kwa namna yake. Kufua chuma hakujawa uongo, wala kufinyanga, wala kuunda chombo. Walioharibiwa jina ni wale wanaounganisha vitu: watu husuka njama, hupika majungu, hutunga habari. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo huanza na vitu vilivyokuwapo tayari. Ukili ni wa kweli, nyama ni ya kweli, ushanga ni wa kweli. Kinachoongezwa ni mkono wa mtu na mpango wake. Uongo mkubwa kuliko wote ambao mwandishi amewahi kuuona kwa macho ulitungwa hivyohivyo.

Ilikuwa 1992 na 1993, wakati Katanga bado inaitwa Shaba. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Muda mfupi baadaye watu wenye asili ya Kasai walianza kushambuliwa na kufukuzwa, kwanza Likasi, kisha Kolwezi na kwingineko. Mamia ya maelfu waliondoshwa. Wengi walikaa vituoni kwa wiki na miezi wakingojea treni, na treni za kuelekea Mwene-Ditu na Kananga zilipita Kamina.

Shanga zilizotumika zilikuwa za kweli. Ni kweli kwamba tangu enzi za ukoloni BCK na kampuni ya migodi ya Union Minière waliajiri watu wengi kutoka Kasai kwa reli, migodi na ofisi. Ni kweli kwamba wengi wao walisoma mapema na kushika kazi za ukarani. Ni kweli pia kwamba maisha yalikuwa yameharibika: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba wa kampuni ya migodi ya Gécamines, uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulikuwa chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Wanasiasa walizichukua kweli hizo tatu na kuzipitishia uzi mmoja: wageni hawa ndio waliotula. Majukwaani wakaitwa bilulu, wadudu. Kutoka jukwaani neno likaingia sokoni, likaingia shuleni, na huko halikuwa tena na msemaji. Likawa "banasema".

Huko Kamina mwandishi alikuwa mwanafunzi wa sekondari, akiwasaidia akina mama wa kanisa kupeleka maji na bukari, yaani ugali, kwenye mabehewa. Watoto walikuwa wanaumwa. Kulikuwa na watu waliokufia njiani. Mama mmoja, mwenye umri wa mama yake, alipokea kopo la maji, akanywa, akampa mwanawe, kisha akasema bila kumtazama mtu: "Banasema turudie kwetu. Miye nilizaliwa Likasi." Kasai hakuwahi kuiona. Alizungumza Kiswahili kilekile cha mwandishi, chenye miye na bukari na bongo.

Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga wana lugha zinazokaribiana na masimulizi ya asili yanayogusana. Mzee jirani, yule wa Kalala Ilunga, alifika kituoni akiegemea fimbo. Alimsalimia mama yule: "Jambo yenu, mama." Akakaa chini karibu na behewa mpaka treni ilipoondoka. Jioni hiyo hakusimulia kitu.

Kuanzia siku hizo mwandishi aliacha kuamini kwamba uongo ni kinyume cha ukweli. Mambo yote matatu yaliyosemwa juu ya watu wa mabehewa yale ungeweza kuyathibitisha katika kumbukumbu za kampuni. Mtu wa kusema "mimi ndiye niliyesema muondoke" hakupatikana popote kwenye njia ile ya reli.

Lakini jina peke yake si dawa, na mwaka 2001 ulionyesha hivyo. Mwandishi alikuwa sasa mwalimu hapohapo Kamina, nchi iko vitani. Tarehe 16 Januari rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi Kinshasa. Redio za nje zilianza kusema amekufa. Serikali ikasema yuko hai, anatibiwa. Mtaani habari ya kifo ilikwenda kwa minong'ono, kwa "banasema" ileile ya kituoni, na kila aliyeinong'ona aliogopa, maana mji ulikuwa wa askari. Kifo kilitangazwa rasmi tarehe 18. Kwa siku mbili, basi, habari isiyo na mwenyewe ilikuwa ya kweli, na habari yenye cheo na muhuri ilikuwa imetungwa.

Wanafunzi wake walimuuliza waziwazi: mwalimu, sasa tuamini nini? Lilikuwa swali la haki. Jibu analolitoa hata leo ni kwamba aliyesema kwa jina lake na cheo chake anaweza kurudiwa na kuulizwa. Kauli ile ya siku mbili imeandikwa, na waliosema wanajulikana. Watu wa "banasema" hata waliposema kweli hatuwezi kuwauliza walijuaje, na kesho yake haohao waliweza kusema kwamba adui yuko kilomita chache kutoka mjini, na familia zikalala nje mvuani bure. Jambo hilo lilitokea zaidi ya mara moja katika miaka ile ya vita.

Dar es Salaam ilimpa somo jepesi zaidi. Alipohamia huko alikuta vijana wakijivunia neno ambalo Kamina ni tusi. Walisema wanaishi Bongo, wanasikiliza Bongo Flava, mambo ya Bongo. Kwa wiki za kwanza kila redio ilimsemesha uongo. Bongo ya Dar inatoka kwenye ubongo, kwa kuwa mji unamtaka mtu atumie akili. Bongo ya Katanga imepita njia nyingine: Kiswahili cha huko kimeshika kiambishi bu- pale pwani inaposema u-, kama vile Kiluba kinavyosema bulopwe kwa ufalme na bubela kwa uongo. Unga ni bunga, ugali ni bukari, na uongo, ukishatanguliwa na bu-, ukawa bongo. Kamusi nyingi za Kiswahili zinazouzwa Tanzania na Kenya hazina nafasi kwa maneno hayo, na hilo ni pengo linalopaswa kuzibwa, kwa sababu mamilioni ya wasemaji wa Katanga hawakosei Kiswahili, wanakisema.

Sasa imekuja mashine inayotunga. Inaandika insha, inachora uso wa mtu asiyekuwapo, inamwiga rais kwa sauti yake. Wenye lugha wameipa majina, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Mwandishi anapendelea la pili, kwa sababu limetoka kwenye kuunda, kazi ya mafundi wa majahazi, na linakiri tangu mwanzo kwamba kitu hiki kimetengenezwa. Mashine yenyewe haina hila. Hila ni ya mtu anayekata alama ya chini ya picha, anayefuta jina la mpiga picha na mwaka, kisha anaituma kwa ndugu zake wa Kamina ikiwa uchi.

Kutunga ni haki ya kila mtu. Mvulana wa Ziwa Tanganyika alikuwa na haki hiyo, mzee wa Nkongolo alikuwa nayo, na washairi wetu wanaishi kwayo. Wanaotunga waweke majina yao chini ya kazi yao, kama mwalimu alivyoliandika jina ubaoni. Nasi tunaopokea habari usiku na kidole kiko tayari kuisukuma mbele, tuwaulize walioituma lile swali la akina mama wa samaki wakavu, na tusisukume chochote kabla ya kupata jibu: ba nani?